Mkono wa Nani?

Mada niliyopewa ni nyepesi ukiisikia: kazi ndogo ndogo za mikono ambazo mzazi anaweza kuzifanya nyumbani na mtoto wa miaka mitatu hadi sita, katika majira ya mapukutiko, yaani ile miezi ya Septemba hadi Novemba ambapo miti ya nchi za kaskazini hupoteza majani yake. Ningeweza kuihamishia Tanga au Kisumu tangu mwanzo. Sikufanya hivyo, kwa kuwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili sasa zinaishi huko kaskazini, na kwa kuwa kazi hizi huko zina historia iliyoandikwa na kuchunguzwa, hivyo tunaweza kubishana kwa ushahidi. Dai langu ni moja. Kazi ya mikono humfaa mtoto pale ambapo maamuzi ni yake, na vitu vya kuokota vya msimu humfaa kuliko vya dukani kwa sababu ni vikaidi: havimruhusu mtu mzima kupanga matokeo mapema. Wapo wanaolipinga dai hili, na baadhi ya hoja zao ni nzito.

Tukitazame kwanza kitu chenyewe. Nchini Ujerumani, kuanzia mwishoni mwa Septemba, chini ya miti ya kastania iliyopandwa kandokando ya barabara huanguka matunda ya kijani yenye miiba. Yakipasuka hutoa mbegu ya kahawia iliyokoza, inayong'aa kana kwamba imepakwa mafuta, yenye doa lililopauka upande mmoja. Watoto huziokota na kujaza mifuko. Nyumbani mzazi hutoa keekee ndogo ya mkono na vijiti vya kuchokolea meno, na hapo huzaliwa watu na wanyama: mbegu kubwa ni tumbo, ndogo ni kichwa, vijiti ni miguu na mikono, na kile kikombe kidogo kinachoshika mbegu ya mwaloni hugeuka kofia. Ugumu wote uko miguuni. Mtoto akichomeka vijiti viwili, mtu wake anaanguka. Akichomeka vinne visivyolingana, anayumba. Akichomeka vitatu na kuvitanua, anasimama hata kama vimepishana urefu, na mtoto huyo amefika kwa mikono yake mwenyewe pale walipofika wazee walioamua mafiga yawe matatu. Mzazi aliyekuwa na haraka, akachomeka mguu wa tatu kabla mtoto hajaufikiria, amemnyima sehemu yenye faida kuliko zote katika kazi ile. Hata muda una kauli yake hapo. Kastania mbichi hutoboka kwa urahisi. Ikikaa wiki kadhaa hukauka, hupoteza mng'ao, huwa ngumu na keekee huteleza. Ukiifungia kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu. Mtoto wa miaka minne anayeona hayo amejifunza kwamba kitu kina wakati wake, na hakuna aliyemhubiria.

Jani nalo lina tabia zake. Siku zinapopungua mwanga na usiku ukawa baridi, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na iliyopo huvunjika. Njano inayojitokeza ilikuwamo ndani ya jani muda wote, imefunikwa na kijani. Wekundu ni habari nyingine: miti mingi hutengeneza rangi hiyo, anthosianini, wakati huo huo wa kuelekea kupukutika, na siku za jua zenye usiku wa baridi isiyogandisha huzidisha wekundu wake. Mwisho tabaka la seli hujijenga kwenye kikonyo, jani hukatika na kuanguka. Sasa mtoto analiokota, linapendeza, analiacha mezani, na asubuhi ya pili limejikunja. Ndipo mzazi ana jambo la kumwonyesha: panga majani kati ya kurasa za gazeti kuukuu, weka vitabu vizito juu, subiri wiki moja, badilisha gazeti likinyonya unyevu. Yakitoka yakiwa bapa, yanaweza kubandikwa kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga na kuzungushwa kuwa taa ya mkononi, kama zile ambazo watoto wa Ujerumani hutembea nazo mitaani jioni ya tarehe 11 Novemba, Siku ya Mtakatifu Martin. Mengine yatavunjika. Yapo yatakayogeuka kahawia hata yakikandamizwa vizuri. Dukani kuna boksi lenye majani ya kitambaa yaliyokatwa sawasawa, gundi yake, na picha ya kitu kilichokamilika juu ya kifuniko. Boksi hilo halivunjiki wala halikauki, na ndiyo sababu silipendekezi. Lile boksi limeshaamua kila kitu, na mtoto amebakiwa na kazi ya kutekeleza.

Kwamba picha ya juu ya kifuniko inapunguza kitu kwa mtoto si hisia yangu tu. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu wa shule ya awali angepaswa kulijua. Walitengeneza kichezeo kigeni chenye mambo manne ndani yake: sehemu moja ililia ikivutwa, nyingine iliwaka, nyingine ilitoa muziki, na mahali pengine kulikuwa na kioo kilichogeuza sura. Baadhi ya watoto walionyeshwa na mtu mzima, kwa sauti ya kufundisha, jinsi kinavyolia. Wengine walimwona mtu mzima akikiliza kama kwa bahati tu. Kisha kila mtoto aliachwa na kichezeo. Waliofundishwa walijua kukiliza, bila shaka, lakini walicheza kwa muda mfupi zaidi na waligundua machache kuliko wenzao. Mantiki yao ilikuwa nzuri: kama mwalimu ameonyesha hili tu, basi huenda hakuna jingine. Watafiti wenyewe hawakusema kufundisha ni kubaya. Walisema ni upanga wenye makali kuwili, na mzazi anayeweka mezani kielelezo kilichokamilika kabla ya mtoto kugusa chochote ameushika upanga huo vibaya.

Jaribio la pili ni la zamani zaidi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichunguza watoto wa miaka mitatu hadi mitano katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, wote wakiwa wanaopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora. Kundi jingine lilipewa cheti kile kile bila kuambiwa mapema, na la tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa tena darasani bila ahadi yoyote. Walioahidiwa cheti walitumia kalamu hizo takriban nusu ya muda waliotumia wengine. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo zawadi yenyewe haikuwa na sumu. Kilichoua hamu ni kuigeuza kazi kuwa njia ya kuipata zawadi. Wataalamu wamebishana miaka mingi kuhusu upana wa matokeo haya, na kwa kazi zinazomchosha mtu tangu mwanzo mambo huwa tofauti. Lakini kwa kazi ambayo mtoto aliipenda tayari, sijaona hoja ya kutosha ya kuyakataa.

Hapa ndipo tunapoweza kuyaelewa malalamiko yaliyosikika Kenya tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa mwaka 2019. Wazazi wengi walisema kwamba mtoto akiletewa kazi ya kutengeneza kitu nyumbani, wanaokesha na mkasi na gundi ni wao, kwa kuwa kitu kitapelekwa shuleni, kitatazamwa na kupewa alama. Wengi walichukua malalamiko hayo kuwa ushahidi kwamba kazi za mikono ni mzigo. Nayasoma kinyume. Yanaonyesha kinachotokea kila mahali pale ambapo kitu kilichokamilika kinapewa uzito kuliko mtoto anayekikamilisha: mtu mzima huingia, kwa sababu mtu mzima anajua kukata mstari ulionyooka. Kosa halikuwa katika gundi wala karatasi.

Wala si kosa jipya. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanza maisha ya kazi kama mwanagenzi wa bwana misitu, alifungua taasisi yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837 na kuipa jina la bustani ya watoto mwaka 1840. Aliweka humo kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi, kutoboa, kuunganisha vijiti kwa punje za mbaazi zilizolowekwa. Alitaka mtoto atoe nje kilichomo ndani yake. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwaka 1851, na marufuku ilipoondolewa mwaka 1860 Fröbel alikuwa ameshafariki. Wafuasi wake walimfanyia jambo ambalo Prussia haikuweza. Walizigeuza kazi zake kuwa amri: mwalimu anasema kunja kona ya kulia, watoto arobaini wanakunja kona ya kulia. Nchini Marekani kampuni ya Milton Bradley ilikuwa ikiuza vifaa vya Fröbel vikiwa tayari kwenye maboksi, kwa hiyo boksi la dukani nililolisema lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1890 Anna Bryan, mwalimu wa Louisville, Kentucky, aliwaambia walimu wenzake waziwazi kwamba utaratibu ule wa maagizo umeua kile ulichodai kukilinda. Alikuwa sahihi. Kazi zenyewe hazikuwa na kosa: Uno Cygnaeus, ambaye fikra za Fröbel zilimwathiri, aliingiza kazi za mikono katika shule za msingi za Finland kisheria mwaka 1866, na somo hilo lipo huko hadi leo. Suala halikuwa kama watu wanafanya kazi za mikono au la, bali nani anaamua nini kitengenezwe.

Mpinzani wangu wa kwanza atasema: basi mtoto aachwe tu? Mtoto asiyefundishwa kushika mkasi ataushika kwa kiganja kizima maisha yake yote. Hoja hii ni ya kweli na naikubali karibu yote. Ufundi lazima ufundishwe. Kidole gumba kiingie tundu la juu, mkasi ukae wima, karatasi izungushwe na mkono wa pili badala ya mkasi kuifukuza karatasi. Gundi ipakwe kidogo pembeni, isimwagwe katikati. Ukitaka kutoboa jani lililokauka, lipashe mvuke au bandika kipande cha utepe wa gundi nyuma yake kwanza, la sivyo litapasuka. Haya hayagunduliki kwa kucheza, au yanagundulika kwa hasara. Mstari ninaouchora ni huu: mfundishe namna ya kufanya, usimfundishe kitu gani afanye. Anayejua kubandika na hajaonyeshwa bundi wa majani atabandika kitu ambacho hata yeye hakijui bado, na mara nyingi atakipa jina baada ya kukimaliza. Watu wazima hutangaza jina kwanza, ndipo wakaanza. Mtoto wa miaka mitatu hufuata njia ya kinyume, na hakuna haja ya kumsahihisha.

Wa pili atasema kwamba mtoto anahitaji herufi na hesabu, na kwamba muda wa nyumbani ni mchache. David Grissmer na wenzake walichambua mwaka 2010 takwimu za watoto kutoka Marekani na Uingereza, wakakuta kwamba ustadi wa vidole na mkono wakati wa kuanza shule unaendana na matokeo ya kusoma na hesabu miaka ya baadaye, hata baada ya kuzingatia tofauti nyingine. Kuendana si kusababisha, na sitadai kwamba kastania kumi zitamfundisha mtu kugawanya. Lakini wanaodai kwamba kila dakika ya kukunja karatasi imeibwa kwa herufi hawana ushahidi hata huo. Zaidi ya hapo, mwandiko ni kazi ya vidole. Anayechomeka kijiti kwenye tundu dogo bila kukivunja anafanya mazoezi yale yale ya kukandamiza na kuachia ambayo penseli itayadai.

Pingamizi la tatu linatoka kwetu, nalo linasemwa kwa kejeli kidogo: majani mekundu ni mambo ya Wazungu. Anayesema hivyo hajautazama mkungu. Mti huo wa pwani, wenye matawi yaliyopangwa kama ghorofa, hugeuza majani yake mapana kuwa mekundu na ya rangi ya chungwa kabla ya kuyaangusha, bila kuhitaji baridi, na jani lake ni gumu na linakandamizika vizuri. Katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi hali ni ya kushangaza zaidi: wekundu huonekana Septemba na Oktoba, lakini hapo ni wa majani machanga yanayochipua kabla ya mvua, si wa majani yanayokufa. Rangi ni ya kundi lile lile la anthosianini, maana yake kwa mti imegeuka. Sijui somo bora la kumwonyesha mtoto wa miaka sita aliyeona picha za majira ya mapukutiko vitabuni. Misonobari ipo Sao Hill, Lushoto na Limuru, na koni zake zina mchezo ambao hauhitaji hata gundi: ukiitia koni majini hujifunga, ukiianika hufunguka, tena hufanya hivyo hata ikiwa imekufa zamani, kwa sababu matabaka mawili ya kila gamba hunyonya unyevu kwa viwango tofauti. Magunzi baada ya mavuno yamekuwa watoto wa bandia kwa vizazi vingi, na hakuna aliyeita hilo uzungu.

Ni kweli kwamba watoto wetu wamejitengenezea gari la waya, tiara na mpira wa makaratasi bila mzazi yeyote kukaa nao, na wapo wanaouliza mzazi anaingilia nini. Jibu liko katika umri. Gari la waya ni kazi ya mtoto wa miaka saba au minane, anayefundishwa na wenzake waliomzidi kidogo, uani au barazani. Mtoto wa miaka mitatu kwenye ghorofa ya tano huko Hamburg au Minneapolis hana kundi hilo, na mwenzake wa Kinondoni anayefungiwa ndani hadi mama arudi hana pia. Mzazi anachukua nafasi ya yule kaka mkubwa, ambaye uzuri wake ulikuwa kwamba hakujali sana gari la mdogo wake limetokeaje. Kwa familia za ughaibuni kuna faida ya ziada ambayo naitaja kwa haraka. Kiswahili cha nyumbani kwa mtoto huyo mara nyingi kimebaki cha amri: njoo, kula, vaa, lala. Mezani panapokuwa na majani na gundi, vinaingia vitenzi ambavyo havipatikani kwingine, kunja, kunjua, toboa, penyeza, bandua, kandamiza, na vinaingia pamoja na vitendo vyake.

Uchovu wa mzazi siudharau. Aliyetoka zamu ya usiku hana haja ya mhadhara. Lakini kazi ninayoielezea huhitaji robo saa, gazeti la kutandika mezani na mtu mzima aliyekaa karibu bila kushika kitu, na hicho cha mwisho ndicho kigumu. Kinachochosha katika kazi hizi ni jitihada ya kuzifanya zipendeze. Anayeondoa sharti hilo atakuta mzigo umepungua zaidi ya nusu, na anaweza kunywa chai yake ingali moto.

Limebaki suala la usalama, na hapo silegezi. Kastania ile ya barabarani haiwezi kuliwa. Ina sumu inayoumiza tumbo, na inafanana vya kutosha na kastania tamu ya kuchoma hata watu wazima huchanganya. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, kila mbegu ndogo, ikiwamo ya mwaloni, ni kitu cha kumkaba koo, kwa hiyo mpe majani na koni kubwa tu. Matunda mekundu ya vichaka usiyoyafahamu yabaki kichakani. Vijiti vikatwe ncha upande mmoja. Keekee ishikwe na mtu mzima mpaka mtoto afike miaka mitano hivi, mbegu ikiwa imebanwa vizuri na si kushikwa mkononi, na mtoto aelekeze tundu liwe wapi. Akielekeza mahali ambapo unajua mguu hautafaa, toboa hapo hapo. Mbegu nyingine zipo.